Poti ya USB haisomi kitu? Usiwahi kuizika

Salaam wakuu. Kompyuta nyingi ninazoletewa zinakuja na maneno yaleyale: "Poti zimekufa." Nikichunguza, nyingi zinakuwa nzima. Kwa hiyo, kabla hujagusa chochote ndani ya Windows, jua kwanza mgonjwa ni nani: poti, waya au kifaa chenyewe.

Hatua ya 1: Badilisha. Hamishia kifaa kwenye poti nyingine, halafu kwenye poti unayoishuku chomeka kitu unachojua ni kizima. Kifaa kikigoma hadi kwenye kompyuta ya mwenzako, kosa ni lake. Ikigoma poti moja tu kwa kila kitu, ishuku hiyo. Zikigoma zote kwa mpigo, shuku draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa).

Hatua ya 2: Waya. Hapa ndipo wengi tunapoumbuka, na mimi nimo. Niliwahi kumaliza mchana mzima nikipiga Windows upya, kumbe kebo. Kebo ya kawaida ya USB 2.0 ina nyaya nne ndani: nyekundu na nyeusi za umeme, nyeupe na kijani za data. Kebo nyingine zimetengenezwa za kuchajia tu, hizo mbili za data hazimo. Simu itachaji vizuri na kompyuta haitajua kama kuna simu. Usiridhike na "mbona inachaji". Jaribu kwa kebo ambayo umeshaiona ikihamisha mafaili. Na kama umeunga kebo za kurefushia, kumbuka USB 2.0 inakubali mita 5 tu.

Hatua ya 3: Mulika tochi ndani ya poti. Vumbi, uchafu, pini iliyopinda. Zima kompyuta kwanza, safisha kwa kijiti cha mbao. Sindano hapana, utapiga shoti.

Hatua ya 4: Zima kwelikweli. Kuanzia Windows 8, ukibonyeza "Shut down" mfumo unaweza kuhifadhi sehemu ya hali yake ili uwake haraka kesho, na kosa linahifadhiwa pamoja nayo. Tumia "Restart". Ikishindikana, zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha washa.

Hatua ya 5: Device Manager, yaani orodha ya Windows ya vifaa vyote vya kompyuta. Bonyeza Windows na X, ifungue, nenda "Universal Serial Bus controllers". Ukikuta "Device Descriptor Request Failed", maana yake kompyuta imekiuliza kifaa "wewe nani?" kikashindwa kujibu, rudi hatua ya 1 na ya 2. Vinginevyo, bonyeza kulia kwenye "Host Controller", chagua "Uninstall device", halafu ristati. Windows itarudisha draiva yenyewe. Angalizo: mausi na kibodi za USB zinaweza kuzimika papo hapo, kwa hiyo hifadhi kazi zako kabla.

Hatua ya 6: Kifaa kinasoma kisha kinapotea baada ya muda? Humohumo, fungua "USB Root Hub", nenda "Power Management", toa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, flashi nikichomeka mlio unasikika ila haionekani kwenye This PC.
Basi poti haina kosa. Fungua Disk Management. Ikiwepo bila herufi, bonyeza kulia, "Change Drive Letter and Paths", ipe herufi. Ikiandikwa RAW (yaani Windows haielewi mpangilio wa mafaili yake) na ndani kuna vitu vyako, usikubali kufomati; okoa data kwanza.

Hard disk ya nje inawaka taa, inakatika, inawaka tena. Nimechomeka poti ya mbele ya kompyuta ya mezani.
Inaelekea ina njaa ya umeme. Poti ya USB 2.0 inatakiwa kutoa hadi miliampea 500, ya USB 3.0 hadi 900. Hamia poti za nyuma zilizo kwenye ubao mama wenyewe, na achana na habu (kigawanyio cha poti za USB) isiyo na chaja yake. Ukisikia tik-tik hata huko nyuma, simamisha kila kitu, diski yenyewe huenda inakata roho.

Mausi yangu isiyo na waya inagandaganda kila nikitumia flashi ya USB 3.0. Poti mbovu?
Hapana. USB 3.0 inapofanya kazi hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, na mausi nyingi za aina hiyo ziko hapohapo. Hamishia kipokezi upande wa pili, au kitoe mbali kwa kebo fupi ya kurefushia.

Kompyuta ya ofisini inachaji simu, kibodi inafanya kazi, ila flashi zote inakataa. Nimefuata hatua zote.
Hiyo inaelekea imefungwa makusudi na msimamizi wa mfumo, mkuu. Muulize yeye, usihangaike na bisibisi.