Picha ya Ukutani ya Korongo Taji kwa Matofali ya Kuchezea

Chagua kwanza picha iliyo rahisi. Korongo taji aliye kwenye bendera ya Uganda anafaa sana, kwa kuwa rangi zake zimetengana vizuri: paji jeusi, shavu jeupe, kifuko chekundu cha kooni na taji la dhahabu.

Bamba la msingi la LEGO lenye vinundu (sehemu ndogo zilizoinuka ambapo matofali hushika) 32 kwa 32 lina vinundu 1,024, na kwa sababu kila kinundu huchukua milimita 8, picha yako itakuwa na upana wa sentimita 25.6. Chora miraba idadi hiyohiyo kwenye karatasi ya grafu, kisha ipake rangi mraba kwa mraba ukitumia rangi za matofali uliyo nayo tu. Hapa usifanye haraka, kwani jicho likikosewa kwa mraba mmoja, ndege mzima hugeuka kuku.

Matofali yaliyotumika hupatikana katika masoko ya mitumba kama Owino, Kampala, mara nyingi yakiwa yamechanganywa na vitu vingine vya watoto. Yaoshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, maana plastiki yake hupinda kwa joto.

Anza kupanga kichwa, kisha shingo, na mandhari ya nyuma mwisho. Gundi si lazima, ila kwa kazi ya kuuzwa ni afadhali bamba libandikwe juu ya ubao na seremala akutengenezee fremu. Itundike mbali na jua, ambalo hugeuza matofali meupe kuwa ya manjano.