Sabufa kona ya pili bila kuchimba ukuta

Sebuleni kwangu kuna waya wa dishi uliopitishwa ndani ya ukuta tangu nyumba inajengwa. Unaanzia nyuma ya televisheni, unatokea kona ya dirishani. Dishi lilipohamishwa, ukabaki bure. Sasa unapeleka sauti kwenye sabufa, spika ya besi.

Sabufa iwe na amplifaya yake ndani, yaani ina waya wake wa umeme. Isiyo nayo inataka waya mnene wa spika, huu haufai.

Hapa usiharakishe, tafadhali. King'amuzi hupandisha volti 13 hadi 18 kwenye waya wa dishi, na zikiingia kwenye redio unaweza kuiunguza. Fungua ncha zote mbili, fuata njia ya waya, na ukikuta kigawanyio (kifaa cha kugawa waya mmoja kuwa miwili au zaidi) kiondoe. Kisha pima: upande mmoja unganisha shaba ya katikati na wavu wake kwa kipande cha waya, upande wa pili gusisha hizo hizo mbili kwa mita ya umeme, ikiwa kwenye sehemu ya mlio, nayo ilie. Toa kipande, inyamaze. Isiponyamaza, waya umegusana mahali.

Nilinunua Kariakoo adapta mbili, moja kwa kila ncha, za kugeuza koneka ya dishi kuwa RCA (plagi ya kawaida ya sauti), na waya mbili fupi za RCA. Redio toka tundu la SUB OUT, sabufa ingia tundu la LFE, la kupokea besi. Washa sauti ikiwa chini kabisa.

Ikivuma bila muziki, jaribu kuilisha sabufa kwa ekstensheni kutoka soketi ya redio. Yangu ilitulia hapo hapo. Pini ya ethi usiikate kamwe.