Kuvuna Maji ya Mvua Colorado na Utah: Kiasi Kinachoruhusiwa na Namna ya Kukitumia Vizuri

Kwa mkulima aliyetoka Kivu, Kigoma au Bujumbura na sasa anaishi Denver, Aurora au Salt Lake City, kuweka pipa chini ya paa wakati wa mvua ni jambo la kawaida lisilohitaji ruhusa ya mtu. Katika majimbo makavu ya magharibi ya Marekani, hata hivyo, jambo hilo limewekewa sheria, na kila anayelima mchicha, maharage au mahindi nyuma ya nyumba anapaswa kuifahamu kabla hajatumia fedha zake kununua tangi.

Chanzo cha sheria hizo ni utaratibu wa haki za maji uliowekwa katika karne ya 19. Katiba ya Colorado ya mwaka 1876 ilithibitisha kwamba aliyetangulia kuchukua maji ya mto na kuyatumia kwa kazi yenye manufaa ana haki kumzidi aliyekuja baadaye, hata kama shamba lake halipakani na mto huo. Mvua inayodondoka juu ya paa huhesabiwa kuwa njiani kuelekea mtoni, ambako maji yake tayari yana mwenyewe, na ndiyo maana kwa miaka mingi wakazi wengi wa jimbo hilo hawakuruhusiwa kukinga hata pipa moja. Tusiharakishe kuiita dhuluma, kwa kuwa mkulima wa bondeni aliyepanda kwa kutegemea haki yake ya maji naye ana watoto wa kulisha. Hata hivyo, uchunguzi wa mwaka 2007 katika Douglas County, kusini mwa Denver, ulionyesha kwamba katika ardhi isiyojengwa ni takriban 3% tu ya mvua iliyofika mtoni, huku sehemu kubwa iliyobaki ikitumiwa na mimea au kugeuka mvuke. Kwa maoni yetu, ushahidi huo ulistahili kulegeza sheria mapema zaidi.

Mwaka 2009 Colorado iliwaruhusu baadhi ya wakazi wa vijijini wasiofikiwa na maji ya mji, na wenye kibali cha kisima au wanaostahili kukipata, waombe kibali cha kukusanya maji ya paa. Ruhusa pana zaidi ilianza Agosti 2016. Tangu hapo, nyumba ya familia moja, au jengo la makazi lisilozidi nyumba nne, linaweza kuwa na mapipa mawili yenye ujazo wa jumla usiozidi galoni 110, yaani takriban lita 416. Pipa liwe nje ya nyumba, juu ya ardhi, na liwe na kifuniko kinachofunga vizuri, na maji yake yatumike nje, katika kiwanja kilekile, na si kwa kunywa wala kwa kazi za ndani. Anayeishi katika ghorofa kubwa la kupanga hamo katika ruhusa hiyo, wala bustani ya pamoja iliyo mbali na makazi. Mpangaji wa nyumba inayostahili apate kwanza idhini ya mwenye nyumba, na ni vyema iwe ya maandishi.

Utah ni wakarimu zaidi. Tangu mwaka 2010, anayejiandikisha kwenye idara ya haki za maji ya jimbo anaweza kuhifadhi hadi galoni 2,500, karibu lita 9,460, na asiyejiandikisha anaruhusiwa vyombo viwili vyenye vifuniko, kila kimoja kisichozidi galoni 100.

Sasa tupige hesabu, maana hapo ndipo wengi hukosea. Mvua ya milimita 1 juu ya paa la mita 100 za mraba hutoa lita 100, na tukitoa sehemu ya tano inayopotea, mvua ya milimita 5 tu hutoa lita 400, karibu kujaza mapipa yote mawili ya Colorado. Bustani ya mboga inayohitaji milimita 25 za maji kwa wiki hutumia lita 25 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo lita 416 hutosha matuta ya mita 16 za mraba kwa wiki moja. Usiyawekee maji hayo akiba ya mwezi mzima. Yatumie mapema ili mvua ijayo ikute mapipa matupu.

Ghala kubwa kuliko pipa ni udongo wenyewe. Sheria ya Colorado inabana maji yaliyowekwa katika chombo, lakini haikuzuii kuelekeza bomba la paa kwenye matuta yanayohitaji maji ili yazame humo. Elekeza bomba hilo mbali na msingi wa nyumba, chimba mifereji midogo inayofuata kontua, yaani inayokatiza mteremko katika kimo kimoja, changanya mboji iliyoiva, kisha funika udongo kwa matandazo ya nyasi kavu au majani yenye unene wa sentimita 5 hadi 8. Anayejua kutengeneza makinga maji kwenye miteremko ya kwao ana ujuzi ambao majirani zake wengi hawana, na anafaa kuwafundisha.

Pipa lililojaa lina uzito wa zaidi ya kilo 200, hivyo liweke juu ya matofali yaliyosawazishwa vizuri. Kuliinua kidogo pia kutayasukuma maji hadi kwenye mpira wa kumwagilia. Weka wavu mwembamba kwenye kila tundu ili mbu wasitage, kwa kuwa virusi vya West Nile, vinavyoenezwa na mbu, vipo Colorado. Mapaa mengi huko yameezekwa kwa vigae vya lami vinavyoweza kuchafua maji, kwa hiyo maji ya kwanza ya mvua yamwagwe kando, na mboga zinazoliwa mbichi zimwagiliwe kwenye shina, si juu ya majani. Kabla ya baridi kali, kwa kawaida mwezi Oktoba, toa maji yote, tenganisha pipa na bomba la paa na uache koki wazi, kwa sababu maji yakiganda ndani yatalipasua.