Kuchora Tatuu kwa Njia ya Tao

Zhuangzi, mwanafikra wa China wa karne ya 4 kabla ya Kristo, anasimulia habari za mpishi aitwaye Ding, ambaye kisu chake kilikatakata maelfu ya ng'ombe kwa miaka 19 na makali yake yakabaki kana kwamba yametoka kinooni sasa hivi, kwa kuwa hakugonga mfupa bali alipitisha kisu penye nafasi kati ya viungo. Mchora tatuu anayetaka kuufuata Utao, falsafa ya Kichina ya kwenda na mkondo wa asili, aanze na kisa hiki.

Kabla ya kuwasha mashine, mwache mteja asimame kama anavyosimama siku zote, kisha ubandike stensili, yaani karatasi ya kuhamishia mchoro kwenye ngozi, akiwa katika hali hiyo. Ukiibandika amelala au amekunja mkono, mistari iliyoonekana imenyooka itapinda atakapoinuka. Fuata mkondo wa misuli, na mchoro usipokubaliana nao, ubadilishe mchoro, kwani mwili hautabadilika.

Wu wei, yaani kutenda bila kulazimisha, huonekana zaidi katika kina cha sindano. Wino hukaa vyema katika tabaka la pili la ngozi, kiasi cha milimita 1 hadi 2 chini ya uso. Wino ukiishia juu mno utapukutika pamoja na ngozi inayojivua, na ukizama mno utasambaa na mstari kuwa na ukungu. Vuta ngozi kwa mkono ulio huru hadi ikaze, linganisha mwendo wa mkono na kasi ya mashine, na usikandamize. Mbavuni na upande wa ndani wa mkono, ambako ngozi ni nyembamba, mkono uwe mwepesi zaidi. Ngozi ikivimba na kuanza kutoa majimaji, acha hata kama rangi haijajaa, umalizie baada ya kidonda kupona. Hapa ndipo wengi hushindwa, na si kwa kukosa ufundi bali kwa kiburi.

Laozi, anayehesabiwa mwanzilishi wa Utao, alisema kwamba chombo cha udongo hufaa kwa sababu ya uwazi uliomo ndani yake. Acha basi sehemu za ngozi bila wino, kwani mistari hupanuka kadiri miaka inavyopita, na maua madogo yaliyosongamana leo yatakuja kuwa doa moja.

Sikubaliani na wanaodhani wu wei ni kuchora lolote lijalo mkononi. Ding mwenyewe alihitaji miaka mitatu ya kazi kabla ya kuacha kumwona ng'ombe mzima mbele yake, kwa hiyo fanya mazoezi kwenye ngozi bandia kwanza. Usafi nao hauna ulegevu: sindano mpya, glavu mpya na vikombe vipya vya wino kwa kila mteja.

Ufikapo kwenye kiwiko au goti, iga alivyofanya Ding penye kiungo kigumu: alituliza macho, akapunguza mwendo, akasogeza kisu kidogo sana.