Somo: Jinsi ramani ya kurejesha uasili inavyoingia kwenye maamuzi ya ujenzi England

Ndugu zangu mnaoishi England, wengi mnapata barua ya halmashauri kwamba shamba la jirani linataka kujengwa nyumba, na hamjui mshike wapi. Pa kushika papo: Mkakati wa Kurejesha Uasili wa Eneo, yaani maandishi na ramani vinavyoonyesha wapi uasili unafaa kurejeshwa na kwa njia gani, ambao kwenye tovuti za halmashauri mtaukuta kwa herufi LNRS (Local Nature Recovery Strategy). Msimamo wangu ni huu: mkakati una nguvu, ila nguvu yake kubwa iko mwanzoni, wakati mpango wa ardhi bado unaandikwa. Ukisubiri tingatinga lifike, umechelewa.

Hatua ya 1: Tafuta mkakati wa eneo lako. Kwa Sheria ya Mazingira ya 2021, England nzima imegawanywa maeneo 48. Kila eneo lina mamlaka yake, mara nyingi halmashauri ya kaunti au mamlaka ya pamoja yenye meya. West of England, yaani Bristol, Bath na majirani zao, ndio waliotangulia kuchapisha, Novemba 2024. Ndani utakuta mambo mawili: maandishi ya vipaumbele, na ramani.

Hatua ya 2: Soma ramani taratibu. Hapa ndipo watu wanapojikwaa, kwa hiyo tukae kidogo. Ramani ina maeneo ya aina mbili. Ya kwanza ni yale ambayo tayari ni muhimu: hifadhi zinazolindwa kitaifa, hifadhi za mtaa, misitu ya kale. Ya pili ni yale yanayoweza kuwa muhimu yakishughulikiwa. Hayo ya pili hayana ulinzi mpya wa kisheria. Shamba kupakwa rangi kwenye ramani si marufuku ya kujenga.

Usiishie kwenye rangi. Tafuta hatua iliyopendekezwa kwa kipande kile chenyewe: kupanda miti kando ya kijito, kurudisha malisho ya maua pori, kuunganisha misitu miwili kwa ua wa vichaka. Iandike neno kwa neno, kwa sababu utaihitaji.

Hatua ya 3: Ingia wakati mpango wa ardhi unaandaliwa. Halmashauri huandika mpango unaosema wapi patajengwa na wapi pataachwa. Sheria inaitaka izingatie mkakati katika wajibu wake wa kutunza bioanuwai, yaani wingi wa aina za mimea na wanyama. Rasimu inapotolewa kwa maoni, linganisha viwanja vilivyopendekezwa na ramani. Kiwanja kikikata njia ya wanyama kati ya misitu miwili, sema hapo hapo, omba kiondolewe au sehemu ile iachwe wazi. Mkaguzi huru huupitia mpango kabla haujapitishwa, na maoni yaliyotumwa kwa wakati humfikia. Mimi naona barua moja katika hatua hii inafaa kuliko barua hamsini za baadaye.

Hatua ya 4: Ombi la kibali likishafika. Hapa mkakati unafanya kazi hasa kupitia kanuni ya ongezeko la bioanuwai. Tangu Februari 2024 kwa miradi mikubwa, na Aprili 2024 kwa midogo, mwendelezaji, yaani anayetaka kujenga, anatakiwa kuacha bioanuwai ikiwa imeongezeka kwa angalau asilimia 10, na kuyatunza makazi hayo ya viumbe miaka 30. Hesabu hufanywa kwa vitengo, yaani vipimo vya thamani ya makazi ya viumbe. Akitengeneza malisho yenye thamani ya vitengo 4 mahali ambapo ramani imetaka malisho, vinazidishwa kwa 1.15, vinakuwa 4.6. Akipanda miti mahali palipotakiwa malisho, nyongeza hiyo haipati. Basi kagua: je, alichopendekeza ndicho ramani inachotaka pale?

Hatua ya 5: Andika maoni. Kwa kawaida una siku 21. Usiandike "tunapenda miti yetu". Andika, kwa Kiingereza bila shaka, jambo la namna hii: "Mkakati unaonyesha ukingo wa kaskazini wa kiwanja hiki kuwa mahali pa kuunganisha misitu miwili kwa ua wa vichaka. Mchoro umeweka maegesho hapo. Naomba maegesho yahamishiwe kusini, na ua uwe sharti la kibali." Afisa mipango anaweza kulifanyia kazi ombi kama hilo.

MASWALI YA WANACHAMA

*Dada wa Reading: Shamba nyuma yetu limepakwa rangi, na bado kibali kimetoka. Inawezekanaje?*

Pole sana, dada. Sheria inataka ombi liamuliwe kwa kufuata mpango wa ardhi, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kwenda kinyume. Mkakati unaweza kuwa mojawapo ya sababu hizo, lakini unapimwa pamoja na uhitaji wa nyumba na mengine. Sasa soma masharti ya kibali. Yakitaja ua au malisho, fuatilia yatekelezwe, na yakikiukwa ripoti kwa kitengo cha usimamizi wa mipango.

*Kaka wa Leicester: Nina kipande cha ardhi kilichomo kwenye ramani. Nitalazimishwa kupanda miti?*

Hapana, kaka. Hulazimishwi chochote. Ila unaweza kuboresha makazi ya viumbe na kuwauzia waendelezaji vitengo. Utahitaji makubaliano ya kisheria ya miaka 30 na kusajili ardhi kwenye daftari la Natural England, shirika la serikali la kutunza mazingira asilia. Muone mwanasheria kabla ya kusaini, maana miaka 30 inaweza kuwagusa wanao.

*Mama wa Luton: Naongeza jiko nyuma ya nyumba. Hiyo asilimia 10 inanihusu?*

Shikamoo mama. Haikuhusu, maombi ya wenye nyumba kwa nyumba zao yamesamehewa. Lakini popo wakiwemo darini, sheria inayowalinda iko pale pale. Mwambie fundi asiguse paa kabla mtaalamu hajakagua.

*Mwanachama wa Glasgow: Na sisi huku?*

Mkakati huu ni wa England peke yake. Scotland mnafuata mfumo wenu wa mipango wa taifa, NPF4, uliopitishwa Februari 2023. Anzia sera ya 3, inayohusu bioanuwai.