Okidi ya Kwanza Nyumbani: Mwanga, Maji, na Donge Lililofichwa Katikati ya Mizizi

Wifi yangu aliniletea okidi aliyopewa zawadi, majani yake yakiwa yamelegea na kukunjamana kama ngozi ya embe lililosahaulika, akaniuliza: "Wifi, mbona inanyauka na maji naipa kila siku?" Jibu lilikuwa ndani ya swali lenyewe, lakini ilituchukua jioni nzima mezani, gazeti likiwa limetandazwa na mizizi imeenea juu yake, kabla hajaamini kwamba mmea unaweza kufa kwa kiu huku umelowa. Mwongozo huu umetokana na jioni hiyo, na pia na okidi zangu mbili za mwanzo, ambazo niliziua kwa wema wa namna hiyo hiyo.

Ninayoizungumzia hapa ni Phalaenopsis, okidi ambayo mtu anayeanza huwa nayo mara nyingi: majani machache mapana na manene yaliyopangana huku na huku, na shina jembamba la maua lililopinda kama upinde. Jina hilo alilitunga Carl Ludwig Blume mwaka 1825 kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya kitu kinachofanana na nondo. Familia ya okidi ina zaidi ya spishi 25,000, kwa hiyo ikiwa yako ni Cymbidium au Dendrobium, usifuate kila ninachosema kuhusu maji na baridi.

Jambo moja likieleweka, mengine yote huwa mepesi. Porini, katika misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki hadi kaskazini mwa Australia, mmea huu hauoti ardhini. Hujishikiza kwenye magome ya miti bila kuinyonya, na mizizi yake huning'inia hewani, ikilowa mvua inaponyesha na kukauka upepo unapopita. Mizizi hiyo imevikwa tabaka nene linaloitwa velameni, ambalo hunywa maji haraka kama sifongo, na likikaa majini siku nyingi bila hewa huoza.

Hatua ya kwanza: itazame kabla ya kuifanyia lolote

Ondoa karatasi ya mapambo na uitoe kwenye chungu cha nje ikiwa hakina tundu chini. Tazama mizizi: ya rangi ya fedha ni mikavu lakini mizima, ya kijani imelowa na ni mizima, ya kahawia inayobonyea ni wagonjwa wetu. Ikiwa mmea umechanua na mizizi mingi ni mizima, uache ulivyo hadi maua yaanguke.

Hatua ya pili: mwanga

Dirisha linalopata jua la asubuhi linatosha. Majani yakiwa ya kijani iliyokoza sana, mwanga ni hafifu, na mmea utaishi miaka bila kuchanua. Yakianza kuwa mekundu pembeni au ya manjano, mwanga umezidi. Ukiligusa jani mchana ukalikuta la moto, sogeza mmea siku hiyo hiyo, kwa sababu doa la kuungua halifutiki.

Hatua ya tatu: maji

Sahau ratiba. Okidi ya nyumbani kwa kawaida hupandwa kwenye vipande vya magome ya mti badala ya udongo, na humo maji hutosha kwa takriban siku 7 hadi 10, lakini hali ya hewa, ukubwa wa kopo na umri wa magome hubadilisha hesabu hiyo, na ndiyo maana nasisitiza kopo la plastiki linaloonyesha ndani. Kopo la namna hiyo si pambo, ni kifaa cha kazi: mizizi inayoonekana ikiwa bado ya kijani na kuta za kopo zina matone ya mvuke, subiri, mizizi ikigeuka rangi ya fedha na kopo likawa jepesi mkononi, mwagilia. Vyungu vya kauri vizuri vya mapambo vitumike kama nguo ya nje tu.

Mwagilia asubuhi, kwa maji yasiyo baridi, hadi yatiririke kwenye matundu ya chini, au tumbukiza kopo kwenye beseni kwa dakika 15, kisha liache lichuruzike kabisa kabla ya kulirudisha kwenye chungu cha nje. Maji yakiingia kwenye kitovu cha mmea, pale majani yanapokutana, yafyonze kwa ncha ya karatasi laini. Porini mmea huota umeinama upande, maji yakamwagika yenyewe. Sisi tunausimamisha wima, kitovu kikawa kikombe, na kitovu kikioza mmea hauna ncha nyingine ya kuendelea kukua.

Wako wanaoweka vipande vitatu vya barafu kila wiki. Siwezi kusema barafu itaiua okidi, lakini maji hayo machache hayalowanishi mizizi yote wala hayaoshi chumvi za mbolea zilizobaki, na mimi siitumii. Chupa ya kupulizia nayo niliiweka kabatini zamani, kwa kuwa unyevu wake hutoweka baada ya dakika chache, ilhali matone yanayobaki kwenye kitovu hukaa usiku kucha.

Hatua ya nne: kuihamisha, na lile donge

Hapa ndipo nilipopoteza saa nyingi na mimea miwili, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Usiku uliotangulia, loweka magome ya msonobari yaliyokatwa vipande vya sentimita 1 hadi 2, kwa sababu magome makavu husukuma maji badala ya kuyanywa. Andaa mkasi mkali, spiriti ya asilimia 70, kibano, na kopo angavu lenye matundu mengi. Futa mkasi kwa spiriti kabla ya kuanza na kila unapohama kutoka mmea mmoja kwenda mwingine, hata kama unaona mimea yote ni mizima, maana magonjwa ya okidi hupitishwa na makali ya mkasi, na mengine hayana dawa.

Lowesha mizizi kwa dakika 20 ili isivunjike, bonyabonya kuta za kopo, kisha toa mmea taratibu. Ukigoma, kata kopo. Kopo lina mbadala. Pukuta magome ya zamani. Wakati huu mizizi ya nje itaonekana mizuri, na utajisikia umemaliza. Hapo ndipo nilipokosea. Niliweka magome mapya, nikamwagilia kwa uangalifu, na baada ya wiki tatu majani yakaanza kuanguka moja moja kuanzia chini. Nilipoufungua tena mmea ule nilikuta katikati kabisa, chini ya shina, donge la ukubwa wa yai, jeusi, linalonuka kama maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chombo.

Donge hilo linatoka kitaluni. Miche huanzishwa kwenye kifuko kidogo cha kuvumwani (mimea midogo laini inayoota penye unyevu) iliyokaushwa au cha sifongo ngumu, na mmea unapokua huhamishiwa kwenye kopo kubwa pamoja na kifuko chake, magome yakazungushwa pembeni. Kitaluni hilo si kosa, kwa kuwa huko joto, hewa na maji hupimwa. Nyumbani magome ya nje hukauka kwa siku chache na kukuhimiza umwagilie, huku kiini kikiwa bado kimelowa tangu mara mbili zilizopita. Okidi ya wifi yangu ilikuwa hivyo hivyo: juu pakavu kabisa, na nilipoingiza kijiti chembamba katikati kikatoka cheusi kinachotiririka.

Kuliondoa kunahitaji subira. Usilivute kwa nguvu, kwa sababu mizizi ya kwanza ya mmea imepenya ndani yake. Liloweshe chini ya bomba, kisha lichambue kwa kibano nyuzi chache kwa wakati, kuanzia chini kwenda juu. Likiwa limezungushiwa wavu wa plastiki, kata wavu kwa mkasi sehemu kadhaa uutoe vipande vipande. Likiwa la sifongo ngumu, lipasue mara nne kwa wima ndipo ulimege. Nyuzi zilizong'ang'ania mzizi mzima ziache. Kuchubua velameni ili kuondoa uzi mmoja ni hasara. Sisi tulitumia takriban saa mbili kwa mmea mmoja, na wifi yangu alitaka kuacha mara tatu.

Baada ya hapo, pima kila mzizi kwa vidole, si kwa macho. Rangi hudanganya: mzizi uliokaa gizani unaweza kuwa na madoa ya kahawia na bado ukawa mgumu na mzima, na huo haukatwi. Ulio mtupu ukiubonyeza hutoa maji, na ganda lake huteleza likabaki uzi mwembamba mikononi mwako. Huo ukate hadi ufikie sehemu ngumu. Ikiwa mizizi mizima ni michache sana, mimi huacha nyuzi chache kavu ili zishikilie mmea kwenye magome.

Kuhusu unga wa mdalasini ambao watu hupenda kunyunyizia: gusa nao jeraha la mkato peke yake. Unakausha, na ukiumwaga kwenye mizizi mizima utaikausha nayo. Mara nyingi siuweki hata kidogo, bali huuacha mmea juu ya meza kwa saa chache ili majeraha yafunge.

Chagua kopo linaloitosha mizizi iliyobaki, hata kama ni dogo kuliko la zamani. Kopo kubwa kwa mizizi michache hukaa na unyevu usio na wa kuunywa. Weka mmea ili chini ya shina pawe sawa na uso wa magome, jaza ukigongagonga kopo mezani, na ukiuinua kwa majani kopo liinuke pamoja nao. Ukitikisika, ufunge kwenye kijiti, kwa kuwa ncha za mizizi mipya huvunjika kila mmea unapocheza. Mizizi ya hewani isiyotaka kuingia ndani iache nje. Ikiwa umekata mingi, subiri siku mbili tatu kabla ya kumwagilia.

Watu wenye nyumba kavu sana hupanda kwenye kuvumwani tupu na hufanikiwa, mradi wasiishindilie. Kwa anayeanza mimi napendekeza magome, kwa sababu mkono mzito wa kumwagilia husamehewa. Rudia kazi hii kila mwaka mmoja hadi miwili, magome yanapoanza kulainika. Lakini donge huondolewa mara moja tu.

Hatua ya tano: mbolea

Robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kila mara ya pili unapomwagilia, juu ya magome yaliyokwisha kulowa. Mmea usio na mizizi usiupe mbolea.

Hatua ya sita: wadudu

Vipamba vyeupe kwenye makutano ya majani ni vidung'ata. Vifute kwa pamba yenye spiriti na urudie kila wiki hadi vitoweke. Dawa za kung'arisha majani sizitaki karibu na okidi yoyote. Kitambaa chenye maji kinatosha.

Hatua ya saba: maua yakiisha

Maua hudumu miezi miwili hadi mitatu. Matumba yakianguka kabla ya kufunguka, chunguza kama umehamisha mmea ghafla au umeuweka karibu na matunda yanayoiva, kwa kuwa hutoa gesi ya ethilini inayoyaangusha. Maua yakiisha kwenye mmea wenye nguvu, kata shina la maua juu ya kifundo cha pili au cha tatu kutoka chini, na huenda tawi jipya likachipuka hapo. Kwenye mmea dhaifu, kata shina lote karibu na majani ili nguvu iende kwenye mizizi.

Shina jipya huamshwa na usiku wa baridi kiasi, takriban nyuzi 16 za Selsiasi, kwa wiki kadhaa. Usikate kitu kipya kinachochomoza kati ya majani kabla ya kukitambua: ncha ya mzizi ni ya mviringo na inang'aa, ilhali ncha ya shina la maua imebapa kidogo na ina mkunjo pembeni, kama mkono uliofumbwa ukabakiza kidole gumba. Wifi yangu amenitumia picha ya kwake. Ni mzizi, na wa pili unafuata.