Fuata sarafu: kumfundisha mtoto kusoma kwa hadithi za pesa

Kuna mtoto anayesoma ukurasa mzima bila kukwama, nukta anaziheshimu, sauti inapendeza, halafu ukimuuliza kimetokea nini anakukodolea macho. Nimefundisha wengi wa namna hiyo. Kilichonisaidia zaidi ni hadithi yenye pesa ndani yake. Pesa za mhusika haziyeyuki hewani: zimeingia, zimetoka, zimebaki. Aliyesoma bila kuelewa huumbuliwa na hesabu ya mwisho.

Mwaka 2000 jopo la kitaifa la usomaji la Marekani lilitaja nguzo 5 za kusoma: utambuzi wa sauti, uhusiano wa herufi na sauti, ufasaha, msamiati na ufahamu. Somo hili linagusa tatu za mwisho. Mtoto ambaye bado anahangaika kuunganisha silabi, mrudishe kwenye silabi kwanza.

Hatua ya 1: Andika hadithi fupi

Sentensi 6 hadi 10 zinatosha, na idadi ya pesa isizidi 20. Niliwahi kuandika hadithi yenye maelfu na mamia. Watoto wakageukia mahesabu, hadithi ikasahaulika. Na usiimalizie kwa "haba na haba hujaza kibaba". Mtoto akishazoea kwamba kila hadithi ya pesa ina methali mwishoni, hasomi tena, anaingojea methali.

Hii ndiyo ninayoanza nayo:

*Zena alikuwa na sarafu 10 kwenye kopo. Alitaka mpira wa sarafu 12. Asubuhi kaka yake alimkopa sarafu 4, akaahidi kuzirudisha jioni. Mchana Zena alimsaidia jirani kupanga vitabu, akapewa sarafu 3. Jioni kaka yake alirudi mikono mitupu, akacheka, akaenda kulala. Zena alilitikisa kopo, akalifunika, akalisukuma mvunguni.*

Hatua ya 2: Maneno kabla ya kusoma

Chagua maneno 3 tu. Hapa ni *kopa*, *kopesha* na *deni*. Usiyasome kama kamusi, yaigize. Mpe mtoto vifuniko 10 vya chupa, nawe uwe na vyako. "Nimekukopa vinne": vinatoka kwake kuja kwako. "Nimekukopesha vinne": vinatoka kwako kwenda kwake. Kipande kidogo tu, *-esha*, kimegeuza njia ya pesa. Akiuliza kuhusu *kuazima* (na watauliza), mwambie ukiazima kitabu unarudisha kitabu kilekile, lakini ukikopa sarafu unarudisha sarafu zozote mradi idadi itimie.

Hatua ya 3: Soma, simama, sogeza

Soma wewe mara moja, mtoto akifuata kwa kidole. Kisha asome yeye, na kila sentensi inapohamisha pesa asimame, atie au atoe vifuniko kwenye kikombe.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, usipaharakishe. Sentensi ya pili ni mtego: wengi wakiona 12 tu mkono unakimbilia kikombeni. Lakini Zena *alitaka*, hajanunua. Mtego wa pili ni *alimkopa*. Aliyelisoma kama *alimkopesha* atamaliza na vifuniko 17 badala ya 9.

Akikosea, usimsahihishie hesabu. Sema: "Nionyeshe sentensi iliyokuambia hivyo." Kidole kirudi kwenye maandishi. Mara nyingi anagundua mwenyewe kabla hajafika mwisho wa sentensi, na uso wake utakuambia.

Hatua ya 4: Maswali

Anza na lenye jibu la wazi: nani alipanga vitabu na Zena? Nenda kwa lililofichika: kwa nini kopo lilisukumwa mvunguni? Hakuna sentensi inayosema, ni lazima mtoto aunganishe *mikono mitupu*, *akacheka* na *akalifunika*. Pokea jibu lolote linaloweza kuonyeshwa kwenye maandishi. Mwanafunzi mmoja aliniambia Zena haogopi kukopwa tena, amekasirika tu. Nikamwomba ushahidi, akaweka kidole kwenye *alilitikisa*. Sikuwa na la kupinga.

Swali la maoni liwe moja, la mwisho: wewe ungemkopa huyu kaka siku nyingine, au ungemkopesha? Nimeliuliza hivyo makusudi. Anayesikiliza vizuri atakukatiza.

Hatua ya 5: Asome tena kwa sauti

Fupi hii. Sasa anajua kinachotokea, kwa hiyo *akacheka* haitatoka kama *kopo*. Mara mbili zinatosha. Ya tatu huwa ya kumridhisha mwalimu.

Hatua ya 6: Abadilishe neno moja

Mpe hadithi ileile, afute *alimkopa* aandike *alimkopesha*. Usimweleze chochote. Atasoma na kukwama kwenye *akaahidi kuzirudisha*: nani aahidi sasa? Ataanza kurekebisha. Halafu atahesabu vifuniko, aone kwamba asubuhi hiyohiyo Zena ana sarafu 14 na mpira ni wa 12, na kwamba mchana, jioni na kopo la mvunguni vyote vinahitaji kuandikwa upya. Mpe karatasi nyingine.